Kifaa Nilichokilalia

Jumapili, 6 Julai 2014
Nimegeuza kahawa kichanjani, nimekula kiporo cha maharage, nimekaa. Zamu ya vifaa imeanza. Vipo viwili vya kusomea vitabu kwenye kioo, kama simu pana. Cha kugusa kioo kimekuja kwangu, cha vitufe kiko kwa Mama Nzowa, msomaji mwenzangu. Jumapili ijayo tunabadilishana, halafu tunamwandikia Mchungaji kipi kinatufaa sisi tunaosoma masomo ibadani. Wote macho yamechoka, Biblia tunaisogeza mbali kama tunaifukuza. Mtoto wa Mchungaji aliyeko Lusaka ndiye kavituma kupitia Tunduma. Tutakachokichagua atawanunulia wasomaji wote.
Nimekuza herufi mpaka nimesoma Zaburi bila miwani. Nimelia kidogo. Bwana asifiwe.

Jumatatu, 7 Julai
Nimesoma kichanjani, jua la saa saba. Simu ya binti yangu juani haionyeshi kitu. Hiki juani ndiyo kinapendeza, kama karatasi. Ubaya wake: nzi akitua, ukurasa unageuka. Nimejikuta nimetoka kwa Yakobo nimeingia kwa Petro bila kujua. Na vidole vyenye utelezi wa kahawa vinakichafua.

Jumatano, 9 Julai
Chaji haijapungua tangu Jumapili. Nikikizima kinabaki na picha ya kalamu. Nilidhani hakijazimika, nimebonyeza mara nane. Binti kacheka: "Mama, hiyo picha haili chaji!"
Changu kina taa ndani. Cha Mama Nzowa hakina. Nimefurahia jambo hilo kuliko inavyopasa. Bwana anisamehe.
Nimekiweka chini ya godoro, pamoja na hati ya shamba na kadi ya kura. Ndipo vitu vyangu vya maana vinapokaa.

Alhamisi, 10 Julai
Kimekufa. Juu hakina hata mkwaruzo. Lakini nimekiwasha, nusu ya juu ile kalamu imeganda, ina mistari kama nyufa za ukuta wa tope. Nusu ya chini tu ndiyo inabadilika. Nimekilalia. Mimi na mwili wangu huu.
Sijamwambia mtu.

Jumapili, 13 Julai
Tumebadilishana baada ya ibada. Nimempa Mama Nzowa kikiwa kimezimwa, ndani ya mfuko wa kifaa, mistari isionekane. Kakipokea kwa mikono miwili. "Asante mdogo wangu. Nitakishika kama yai."
Nikasema, "Haya dada."
Hayo tu ndiyo niliyosema.

Jumatatu, 14 Julai
Kaja asubuhi, ukungu haujaondoka, khanga kichwani. Kakaa jikoni kwangu akilia. "Nimekiua, mdogo wangu. Nimekigusa mara moja tu."
Ningesema pale pale. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni kumfariji. Nimemwambia ni vitu vya dunia tu. Nimemshika mkono. Nimempikia chai ya maziwa.
Nimeshindwa kusali. Nimepiga magoti, nimeinuka.

Jumatano, 16 Julai
Cha vitufe ni kizuri, niseme kweli. Vitufe viko pembeni, nageuza ukurasa kwa kidole gumba na mkono mwingine unageuza kahawa. Nzi atue atakavyo. Hakina taa, jioni nasogea dirishani. Kila ukurasa kinalia tik.
Kinakaa mezani. Chini ya godoro sirudishi kitu tena.
Nimeanza taarifa ya Mchungaji. Nimeandika: "Cha kugusa kina taa, ila ni laini mno, kinataka mtu mwangalifu." Mtu mwangalifu! Nimeona aibu na mwandiko wangu mwenyewe. Sijaichana karatasi.

Jumapili, 20 Julai
Mama Nzowa kamrudishia Mchungaji kile kilichokufa, Mchungaji hakumkaripia. Ni Mama Nzowa mwenyewe kasimama akaomba aondolewe kwenye zamu za kusoma. Kasema mikono yake ni ya jembe, haifai tena kwenye mambo haya. Mama huyu anasoma masomo tangu kanisa letu likiwa la nyasi. Nyuma yangu mzee mmoja wa kwaya kasema, "Alikibonyeza kama anapukuchua mahindi!" Watu wakacheka. Na mimi midomo yangu ilicheka. Niliihisi ikicheka.
Tangazo: Jumapili ijayo Meza ya Bwana. Mwenye neno na mwenzake akalimalize kwanza.

Jumatano, 23 Julai
Nimekwenda kwake. Alikuwa anachambua kahawa, anatupa mbovu pembeni. Nimesema nikiwa nimesimama. Godoro, mistari, mfuko, vyote. Hakuinua uso.
"Siku tisa nanawa hii mikono kwa sabuni ya kufulia," kasema. "Nilidhani ina kitu."
Nikaitazama mikono yake.
"Na chai ukanipikia."
"Ndiyo, dada."
"Nikanywa vikombe viwili!"
Akaendelea kuchambua. Nikangoja. Mwisho kasema, "Kamwambie Mchungaji. Na wale waliocheka, uwaambie wewe, si mimi."
Hakunikaribisha kukaa.

Ijumaa, 25 Julai
Nimemwambia Mchungaji. Kauliza tu kama nimeanzia kwa Mama Nzowa. Ile taarifa nimeichana, nimeandika nyingine. Kwamba tuchukue cha vitufe, mtu atasoma karibu na dirisha. Kwamba cha kugusa hakikufa kwa kuguswa, nilikilalia mimi, kisha nikampa mwenzangu aibu yangu aibebe.

Jumapili, 27 Julai
Nimesimama mbele ya watu kabla ya masomo. Sentensi nne tu. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.
Mchungaji akamwita Mama Nzowa asome. Alibaki ameketi. Akaitwa tena. Akaja, akachukua cha vitufe, akasogea dirishani. Alisoma taratibu, hakukosea hata neno. Kanisa zima kimya, tik, anaendelea.
Kwenye Meza ya Bwana nilikwenda wa mwisho.
Nje sikumfuata. Yeye ndiye aliyenifuata. Kanipa kifaa ndani ya mfuko wake, bila kutabasamu. "Jumapili ijayo zamu yako. Usikilalie."
Akaondoka na wenzake kuelekea barabarani.
Kiko hapa mezani. Nimekifunika kitambaa, vumbi lisiingie.