Huyo Saidi Mnayemsifu

Dada yangu Naomi,

Shikamoo. Habari za hapo Misigiri? Mguu wa mama unaendeleaje, na alizeti mmeshapiga au bado ziko uani? Mimi mwili hauna neno. Huku Uturuki baridi imeanza, viganja vinapasuka kwa kusukuma magurudumu, lakini nakula na ninalala.

Nimeandika kwa sababu ukipokea simu unaweka spika, mama anasikia, majirani wanasikia. Haya ni yako peke yako. Barua nimempa mchungaji Mtanzania anayerudi nyumbani.

Mwezi juzi ulinitumia sauti ukasema, "Jamani huyo Saidi wenu! Tumemwona kwenye simu ya shemeji yako, anafunga kama anaokota. Na wewe Elia, utafunga lini?" Mama akacheka nyuma yako. Nilisikiliza mara tatu, kisha nikaifuta.

Dada, wewe ndiye uliyenibeba nilipoanguka kutoka juu ya lori la alizeti njia ya Ulemo. Unajua kwamba kuanzia kifuani kwenda chini mwili hauniitikii. Kwenye mpira wa kikapu wa viti mwendo kila mchezaji hupewa pointi kufuatana na mwili wake. Mimi nina moja, maana tumbo langu halinishikilii. Saidi ana nne na nusu. Mtu wa pointi moja hapelekwi uwanjani kufunga. Anaweka kiti chake mbele ya mpinzani, anamziba, mwenye mwili anapita. Kila Saidi anapofunga, mimi nipo pembeni nimemzuia mtu. Kamera humfuata mwenye mpira.

Na ni mimi niliyemleta! Nilimkuta Dar es Salaam, kijana wa Manyoni aliyekatwa mguu na treni akiuza mayai stesheni. Hata kugeuza kiti hakujua. Nilimfundisha, na nilipopata timu huku nikamwambia kocha, "Nina mwenzangu." Tunakaa nyumba moja. Mechi ikiisha anavaa mguu wa bandia, anasimama, anafungua kabati la juu. "Kaka, nikushushie nini?" Anauliza kwa wema, mimi swali hilo linanichoma. Mashabiki wakitaka picha naye, simu wananipa mimi niwapige.

Sasa sikia nilichofanya. Siku chache baada ya sauti yako tulicheza na timu ngumu. Walikuwa na jitu moja lenye mabega kama ya maksai, na kulizuia ilikuwa kazi yangu. Robo ya mwisho Saidi akapata mpira, akakata kwenda kikapuni. Nikaliona lile jitu linamfuata. Ilitosha nisukume mara moja tu. Dada, nilishika magurudumu nikasimama. Sikuchelewa. Nilisimama. Likamgonga ubavuni, kiti kikapinduka, akaangukia mkono. Ukavunjika kwenye kifundo.

Kocha akanishika bega. "Pole Elia, yule jamaa ana kasi." Nikaitikia.

Siku kumi nilimpikia Saidi na kumfunga kamba za kiatu, na kila aliposema asante nilitamani anitukane. Asubuhi moja, nikimkatia mkate, nikashindwa.

"Saidi, siku ile sikuchelewa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kaka, nimecheza nyuma yako miaka minne. Ukichelewa nakujua. Siku ile ulisimama."

"Mbona hukumwambia kocha?"

"Angekurudisha nyumbani." Akausogeza mkate pembeni. "Lakini usidhani nimekusamehe. Bado."

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa kocha nikasema mwenyewe. Hakupiga kelele. Alininyang'anya jezi ya mechi, nikakaa benchi mechi nne, Saidi kando yangu na plasta yake, hatusemezani. Mwenye nafasi yangu hakujua kuziba, na wafungaji wetu waligongwa mpaka nikawa napiga kelele, "Kushoto! Mzibe kushoto!" Saidi akanitazama, akasema tu, "Unaona?"

Jumamosi iliyopita kocha alituingiza wote wawili. Saidi akapata mpira, mimi nikamkamata mtu wake nikamng'ang'ania mpaka mkono ukachubuka. Akafunga. Uwanja mzima ukaimba jina lake. Wivu ukanipanda palepale, dada, usidhani umekwisha. Nikageuza kiti nikarudi kulinda.

Msimu ukiisha anataka kuja Misigiri kumsalimu mama. Hajasema amenisamehe, amesema tu atakuja. Nimemwambia karibu. Sijui nitaitazamaje siku hiyo, yeye akiingia mlangoni kwa miguu, mama akipiga vigelegele, na mimi nyuma nikisubiri mnishushe kwenye gari. Hayo ya mkono nitamwambia mama mwenyewe, usinitangulie.

Nisalimie shemeji, mwambie aendelee kuwaonyesha mechi zetu. Msalimie shangazi wa Ulemo aliyenishonea mto wa kwanza wa kiti, na mjomba fundi baiskeli. Mama mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili.

Saidi akifika mchinjieni kuku, jogoo yule mkubwa, na mapaja yote mpeni. Ila firigisi, dada, nakuomba usimpe. Hiyo iwe yangu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Elia