Ng' ya Ng'ombe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nyekundu tena! Simu ya kupokelea maziwa kule Olenguruone inatia saini kila rekodi, seva yetu hapa mjini inaikagua. Ikikataa saini, simu inaonyesha nyekundu na maziwa hayapokelewi. Wafugaji wengi wanapita vizuri. Wachache wanagonga mwamba kila siku — na ufunguo wa saini ni ule ule! Programu ya simu nimeiandika kwa lugha ya Kotlin, ya seva kwa Python. Zote mbili ni kazi yangu.

Anayeumia ni Jepkemei, karani anayepokea maziwa huko. Wanaorudishwa wanasema anabagua watu. Mzee Ng'eno amemwaga maziwa yake yote langoni na kuapa harudi. Kamati ya ushirika wao inakaa Alhamisi kumjadili — yaani kumfuta. Kosa langu, lawama zake. Chai imenishinda kwa hasira.

Jumanne, 10 Juni

Nimebadilisha ufunguo. Wapi! Nimekagua saa ya simu. Wapi! Majaribio yangu yote yanapita, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Ketan, mwenye kampuni, anapitapita nyuma ya kiti changu. Jioni amesema afadhali warudie karatasi. Nimemwomba anivumilie.

Jumatano, 11 Juni

NIMEIPATA!

Jepkemei alipiga simu asubuhi. Lang'at amekataliwa, lakini ndugu yake amepita. Mama mmoja, boma moja, ng'ombe wale wale. "Sasa hapo nimebagua nani, Akoth?" Nikamwuliza majina yao yameandikwaje. Akasema wote ni Langat, ila ID ya mmoja iko na kale ka-alama hapo katikati, ya mwingine haina.

Ritifaa! Niliruka hadi kiti kikaanguka. Kumbe simu, kabla ya kutia saini, inageuza ritifaa kuwa msimbo \u0027. Seva nayo inafungua rekodi, inaiandika upya kwa mtindo wake, ritifaa ikiwa ritifaa, ndipo inakagua saini. Jina ni lile lile, baiti zinazotiwa saini ni tofauti. Lazima ikatae! Ng'eno, Ng'etich, Lang'at — wote wana ng' ya ng'ombe, vile mwalimu alituimbisha darasa la pili. Na mimi, binti wa Ong'ondo, nimekuwa nikijaribu kwa jina la Ketan! Nimecheka peke yangu hadi machozi.

Dawa ni fupi. Seva isiandike chochote upya. Ikague baiti zile zile zilizotumwa, kisha ndipo ifungue. Nimejaribu kwa jina la baba. Kijani! Ketan ameita ofisi nzima waje walione, halafu akaagiza samosa. Nina furaha hata siwezi kukaa.

Alhamisi, 12 Juni

Kijani, kijani, kijani! Ng'etich kapita. Lang'at kapita, ndugu yake nyuma yake. Ketan amempigia mwenyekiti wa kamati, akakiri kosa ni letu, si la karani. Mwenyekiti ameelewa. Lakini kamati inataka kumsikia mlalamishi mwenyewe, mzee Ng'eno, na imemwita.

Jepkemei amepiga sasa hivi, ananong'ona. Mzee yuko langoni na mtungi wake. Kamati yote imetoka nje kutazama. Haingii. Ameuliza kitu kimoja tu: "Hiyo simu yenu imejifunza kusema jina yangu?"

Nimemwambia Jepkemei asimjibu. Apokee mtungi, aweke kwenye mizani, aandike jina la mzee na ritifaa yake. Sijakata simu. Nasikia mtungi ukigonga chuma. Ketan amesimama nyuma yangu, na kwenye skrini rekodi mpya inaingia —