Baba Alisema Sawa

Jumanne, mtaa wa Najma, Doha. Nje kuna vumbi tangu asubuhi, limefunika hata magari yaliyooshwa jana. Ndani, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Ni siku yangu ya mapumziko na nilipanga kufua. Sijafua. Nimekaa kitandani na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani kwanza.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwani vitu vimevurugika.

Kwa miezi minane nimekuwa nikipanga safari. Siyo safari ya kwenda nyumbani tu, hiyo kila mtu hapa anaipanga. Hii ni safari ya mtoni: siku mbili kwa kayaki, mimi na Baba, tukishuka na mto wetu kule Kirinyaga huku tukivua trauti. Ramani yake nimeichora kwa penseli nyuma ya fomu ya kukodisha kayaki, nikaibandika ukutani kando ya kitanda. Daraja la kituo cha chai. Kidimbwi cha mianzi. Mahali pa kutoka majini na kubeba kayaki mabegani kwa sababu ya mawe. Mahali pa kulala. Musa, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, huwaambia wageni kwamba nimepanga kuiba benki.

Kwa msionijua: nafanya kazi kwenye gati moja pale The Pearl, kisiwa cha matajiri hapa Doha. Nakodisha kayaki. Nawavalisha watu majaketi ya kuokolea, nawasukuma majini, nawangoja, nawapokea, kisha naosha chumvi. Huu ni mwaka wa nne. Mimi mwenyewe nimepiga kasia mara chache, na mara nyingi ni kwenda kumvuta mtu aliyechoka.

Wazo lilitoka kwa mteja mmoja, mzee wa Kanada anayekuja asubuhi kabla jua halijawa kali. Alinionyesha kwenye simu picha ya samaki mrefu kama mkono wangu, akaniambia kila mwaka hushuka mto mmoja wa kwao kwa kayaki kumtafuta. Anamwita stilihedi. Nikamwambia huyo ni trauti, hata sisi tunaye. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza maswali, mwishowe akakubali: ni samaki yuleyule, ila wa kwao huondoka mtoni akiwa mdogo, huenda kukulia baharini, halafu hurudi kutaga katika mto uleule alimozaliwa. Nikafikiri, bahati yake. Hakuna anayemuuliza likizo yake imesainiwa na nani.

Siku hiyohiyo nilimtumia Baba ujumbe wa sauti.

Lazima nimweleze Baba. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlinzi wa mto. Alitembea kandokando ya maji, akikagua vibali vya wavuvi na kugombana nao. Baba ni mtu wa kukataa. Ukimwambia chai ni tamu, atakwambia imezidi maji. Juu kidogo ya kidimbwi cha mianzi kuna sehemu ya maji ya kina kifupi yenye kokoto safi, na hapo ndipo trauti hutaga. Hapo hakuruhusu mguu wa mtu uguse. Nilimwona akimtoa bwana mkubwa mmoja wa serikali, na buti zake za mpira na kibali chake mkononi, akimfokea kama mtoto wa shule. Mimi amenichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa sababu ya kokoto hizo.

Kwa hiyo safari tuliipanga kwa ubishi. Nikisema kayaki mbili, yeye anasema moja ya watu wawili, maana mimi nitazama na yeye ndiye atakayemweleza mama. Nikisema tulale kidimbwini, anasema huko nyati hunywa maji. Nikisema ndoana ndogo, anasema kubwa. Ujumbe wa dakika nne, tano, mwingine ameurekodi huku akitafuna. Nilikuwa nikisikiliza ndani ya basi la kampuni na kucheka peke yangu, watu wakinigeukia.

Halafu sauti zikakoma.

Muriithi, mdogo wangu anayekaa na wazazi, akaniambia maiki ya simu ya mzee imeharibika. Ujumbe ukawa wa kuandikwa. Nikampa mwenzangu aliyekuwa akienda likizo simu mpya ampelekee. Ikafika. Nikaambiwa mzee hajaizoea. Nikaamini. Siku moja tulipiga video, mtandao ukikatika kila mara, nikamwona kwenye kiti chake, blanketi miguuni. Akanipungia kwa mkono wa kushoto. Nilidhani wa kulia umeshika kikombe.

Nilidhani!

Tangu hapo nilichokuwa nikisoma ni "Sawa mwanangu." Kayaki mbili? Sawa mwanangu. Tulale kidimbwini? Sawa. Ndoana ndogo? Sawa, Mungu akubariki. Na nakiri, nilifurahi. Nilifikiri hatimaye ananiona mtu mzima, kwamba Doha imeniongezea heshima. Nilimtambia hata Musa kuwa siku hizi mzee ananisikiliza.

Jumapili nikakosea. Nilikuwa nimechoka, nikamwandikia mpango wa siku ya pili: tutaingiza kayaki majini pale kwenye kokoto, ni tambarare, ni rahisi. Nilishasahau. Mimi niliyechapwa kwa ajili ya kokoto zile nilizisahau. Nilikuja kukumbuka nikiosha kayaki, na niliogopa kweli, mtu mzima mwenye ndevu, nikingoja kufokewa. Simu ikalia, ujumbe umeingia.

"Sawa mwanangu. Mpango mzuri."

Nilikaa chini palepale gatini, kwenye maji. Huyo hakuwa baba yangu.

Jana sikupiga simu. Nilijiambia kuna wateja wengi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Leo asubuhi nimempigia Muriithi, sikumsalimu, nimemuuliza ni nani anayeandika.

"Bro, usikasirike. Ni mimi."

Kiharusi. Miezi mitano sasa. Upande wote wa kulia, na maneno karibu yote yamepotea.

"Tulikaa kikao," akasema. "Mathe akasema usiambiwe. Ungeacha kazi ukuje, na ukikuja utafanya nini? Wewe si daktari. Tukaona afadhali umalize kontrakti kwanza."

Nikamuuliza kuhusu kayaki, maana aliwahi kuniandikia kwamba amezungumza na vijana wa rafti kule Sagana, wale wanaoshusha watalii mtoni, watuazime.

"Hizo sikuwahi kuuliza, bro. Nilikuwa naona vile uko na raha na hiyo safari yako, nikashindwa kukukatiza."

Kikao. Mama na mdogo wangu walikaa kikao kuhusu baba yangu, wakapitisha kwamba mimi nisijue. Kanisa zima nyumbani lilijua, limekuwa likimwombea kwa jina. Kuna jamaa wa kijijini kwetu, mlinzi wa jengo hapahapa Doha, naye alijua. Ndiyo maana tulipokutana kwenye ibada alinishika mkono muda mrefu akiniuliza kama nakula vizuri. Nilimwona mtu wa ajabu. Wote walijua, na mimi niko hapa na penseli nachora mahali pa kulala.

Nina uchungu mpaka meno yananiuma. Nimemweleza Musa, akaendelea kukunja nguo zake kwa muda, halafu akasema, "Na sisi tulimficha kaka yetu hivyohivyo, alipokuwa Dubai. Tulidhani tunamsaidia." Akaichukua ndoo ya kiyoyozi, akaenda kuimwaga, ingawa leo ilikuwa zamu yangu.

Na mimi je? Kiangazi kilichopita nilianguka kwa joto pale gatini, nikalazwa siku mbili na dripu mkononi. Nyumbani niliwaambia simu ilianguka majini. Hawajui hadi leo. Kwa hiyo hata hasira yangu haina miguu ya kusimamia, na hilo nalo linanikasirisha.

Lakini kuna jambo baya zaidi na sijamwambia hata Musa.

Likizo yangu ilikuwa miezi sita iliyopita. Ilikuwa imeshasainiwa. Baba alikuwa anatembea, anabisha, angekaa mbele kwenye kayaki na kunifokea siku mbili mfululizo. Mudiri wetu, yaani meneja, akaniita, akaniambia nikiahirisha hadi mwakani nitakuwa msimamizi wa gati. Nikaahirisha. Sasa nina fulana iliyoandikwa hivyo kifuani. Hapo hakuna aliyenidanganya.

Nilipomjulisha Baba, alinijibu kwa ujumbe wa dakika saba. Nilisikiliza tatu, nikauzima, maana nilijua atakayosema. Leo nimeutafuta. Nimesikiliza wote. Dakika tatu za kwanza ananigombeza. Ya nne na ya tano pia. Dakika ya sita anashusha sauti na kusema ameshakata fito mbili za mianzi za kuvulia, ziko juu ya moshi wa jiko zinakauka, na nisicheleweshe sana kwa sababu zikikauka kupita kiasi zitavunjika. Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyo nayo, na ilikaa kwenye simu yangu nusu mwaka bila kusikilizwa.

Saa nane mchana Muriithi amepiga tena. Ameweka simu kwenye sikio la Baba. Kwa mbali nilimsikia mama akilia na kuomba nimsamehe. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, pole, na nisamehe, na nakuja. Nikasema kitu kimoja tu.

"Baba, siku ya pili tutaingilia pale kwenye kokoto."

Pumzi. Pumzi nzito, ndefu. Muriithi akaanza kunieleza kuwa siku hizi mzee haelewi vizuri, nisimchoshe. Ndipo likatoka, limekwama nusu, lakini limetoka. Neno la Kikuyu nililolisikia kwake kuliko hata jina langu.

"Aca."

Hapana. Na kabla Muriithi hajaondoa simu, mara ya pili, kwa hasira kabisa: "Aca!"

Nimelia sana, Musa akafunga mlango ili watu wa korido wasisikie.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mudiri kuomba likizo, na fulana yake nimeikunja kwenye mfuko, nimrudishie endapo atakataa. Sijui kama nitathubutu kuitoa. Mpango mpya: kayaki moja ya watu wawili, kiti chenye mgongo, maji ya kidimbwi pekee, nusu saa, Muriithi ameshika kamba ukingoni. Pengine hatutavua kitu, na pengine zile fito zimeshavunjika.

Nimechukua kifutio, nimefuta mstari unaoanzia kwenye kokoto. Tutaanzia kidimbwini, Baba.