Ndoo Mbele ya Kipimajoto

Mangobo, Kisangani, Machi 2025

Yaya Orpha, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Wenceslas na huyo mdogo uliye naye mgongoni. Natumaini Opala mnaamka salama na mguu wa shemeji umepoa. Huku kwetu tunapumua tu. Siwezi kukuandikia kwamba hatujambo. Barua hii nimempa Mama Fortunée anayepanda baleinière, ile boti ya mbao ya mtoni, kuja huko, na nimemwomba akae nawe mpaka utakapomaliza kuisoma.

Unanijua, yaya. Tangu utoto ulinicheka kwamba naosha hata sabuni. Shemeji alipopelekwa Opala na serikali, ukaniachia binti yako Benie amalizie shule ya msingi hapa, ulisema humwachi kwa mdogo wako, unamwacha kwa daktari. Nilivimba kichwa. Maji ya kunywa nachemsha, kucha za watoto nakata mwenyewe, chandarua nakichomeka chini ya godoro kwa mikono yangu, na kila Jumapili wote wanakunywa dawa chungu ya majani ya kongobololo huku wananiangalia kwa chuki. Mume wangu Ruphin alizoea kusema kwamba siku moja nitawachemsha na watoto wenyewe.

Basi ugonjwa wa mpox ulipoingia mitaa yetu, kamati ya wazazi ya shule ilitafuta mtu wa kusimama mlangoni asubuhi, kuwapima watoto joto kabla hawajaingia. Wangemchagua nani mwingine? Walinipa kile kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso, pamoja na ndoo yenye robine ya kufungulia maji, na sabuni. Mpango niliupanga mimi: mtoto ananawa kwanza, halafu napima. Mwenye joto anarudi nyumbani, na haingii tena mpaka muuguzi amwone.

Wazazi hawakupenda. Mtoto akirudishwa anapita barabara nzima, na watu wanaanza kuulizana kuna nini kwenye nyumba ile. Mama Sandrine, jirani yetu, nilimrudishia mwanawe zaidi ya mara moja, akakasirika. Alisema mbele ya mstari mzima: « Batoto ya kwake iko ya chuma, donc ni ya siye tu ndiyo inagonjwaka. » Nilimjibu kwamba wangu ni wa sabuni. Watu walicheka, na mimi nikafurahia sana jibu langu. Benie alikuwa amesimama pale pale.

Baada ya siku hiyo Benie akawa wa kwanza kwenye ndoo. Alinawa mikono, akanawa uso, akajimwagia maji kwenye paji la uso na shingoni, taratibu, bila haraka. Wasichana wengine wakamwiga. Mimi nilimsifu mbele ya wote. Muuguzi ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba ngozi iliyoloa maji baridi inadanganya mashine ile, kwamba ilitakiwa kupima kwanza. Watoto walikuwa wameshaligundua jambo hilo zamani, wakaambizana pale kwenye robine.

Nyumbani alianza kuacha mboga yake ya pondu kwenye sahani na kulala akitoka shuleni. Nilipomuuliza alijibu, « Tantine, siko mugonjwa, ni jua tu. » Nikaridhika, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimempima mwenyewe. Halafu mwalimu wake, Moïse, akamleta kwa pikipiki amembeba mikononi, mwili unatetemeka, macho yamegeuka. Hospitali walisema malaria imepanda kichwani. Alilala pale bila kumtambua mtu. Niliomba vibaya, yaya, kama mtu anayegombana. Akaamka. Uliponiuliza, nilikujibu kwamba alipata homa kidogo na imekwisha.

Haikuisha. Benie hasikii. Hasikii kabisa, masikio yote mawili. Daktari anasema inaweza kuwa ni ugonjwa au ni dawa, na nikimuuliza kama kusikia kutarudi anaangalia viatu vyake. Shuleni haendi tena. Anakaa mlangoni na kitabu cha mwaka wa sita, anasoma kwa sauti kubwa mno, kisha anaona watu wanamtazama, ananyamaza.

Tulipokuwa bado hospitali nilimwandikia kwenye ubao wake mdogo, nikamuuliza kwa nini alinificha. Alinijibu kwa ile sauti yake mpya, chumba kizima cha wagonjwa kikasikia, kwamba hakutaka nipate aibu ya kumrudisha mbele ya Mama Sandrine.

Na kuna jambo ambalo hata Ruphin halijui. Asubuhi ile aliyoanguka, pale mlangoni, nilimnyooshea kola ya shati na vidole vyangu vikagusa shingo yake, chini ya mahali alipopitisha maji. Alikuwa anawaka moto. Mashine ilisema yuko mzima. Mama Sandrine alikuwa nyuma yake kwenye mstari. Nilijua, yaya. Nikamwambia pita.

Sina la kujitetea. Njoo na baleinière hiyo hiyo ikigeuza. Ukitaka kumchukua, mchukue. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane ana kwa ana, nitakaa kimya.

Ila usije ukiamini kwamba mmeongea. Jumapili, ulipopanda kilimani kutafuta mtandao ukapiga, mimi ndiye niliyeshika simu kwenye sikio lake, nimeinama karibu nikikusikiliza. Kila uliponyamaza nilimbonyeza bega, naye akasema, « Ndiyo, mama. » Ulimuuliza kama anakula, akasema ndiyo. Ulimuuliza kama anasali, akasema ndiyo. Ukamuuliza kama ameshakusahau, nami nilikuwa nimeshambonyeza, akasema, « Ndiyo, mama. » Ulicheka sana, ukasema mtoto amejifunza utani wa mjini. Yeye aliona uso wangu, akaniuliza mama amesema nini. Niliandika kwenye ubao kwamba unamsalimu.

Ruphin na watoto wanawasalimu. Mbusu mdogo kwa niaba yetu, na Mungu awalinde njiani.

Ni mimi, mdogo wako,
Viviane