Kumfundisha Twiga Kunyooka

Jumatatu, 11 Novemba

Miche ya parachichi nimeimwagilia mapema. Baridi. Nikapakia trei chache, nikampelekea mteja Uwemba. Nimerudi mikono inauma, kwa kushikilia usukani tu. Barabara imenyooka, Twiga anakwenda kama mtu aliyetoka kunywa ulanzi.

Jina la Twiga kalitoa mume wangu, Baba Neema, mwaka jana nilipolipandisha gari kwa springi ndefu ili tumbo lisikwaruze mawe ya njia ya Manda. Tumbo halikwaruzi tena, hilo nakiri. Lakini ukikata kona usukani haurudi wenyewe. Ukimkimbiza kidogo, anatikisika hadi vioo.

Neema anapata kipaimara tarehe mosi Desemba. Bibi yake yuko Manda, kando ya ziwa. Mama yangu ndiye aliyemlea huyu mtoto nilipokuwa nahangaika kuanzisha kitalu, na anataka kumwona akipiga magoti mbele ya madhabahu. Kupanda basi hawezi tena. Mara ya mwisho nyonga ilimlaza kitandani wiki nzima. Na kupanda Twiga alikataa tangu Pasaka, tulipokuwa milima ya Ludewa na gari likahamia upande wa korongo bila kuambiwa. Alishuka, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Mwanangu, nitapanda tena siku gari lako litakapojifunza kunyooka."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimempigia fundi Sanga wa Makambako. Si yeye aliyenipandishia gari, lakini alinisikiliza kama vile ni yeye. Akanieleza. Gari lilipoinuliwa, ekseli ilibaki imeshikwa na amu zilezile za zamani. Amu ni vile vyuma virefu vinavyoizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Zimekuwa fupi kwa urefu mpya, zinaivuta ekseli ikae upande. Zipo za kurekebisha, unazizungusha kama skrubu zikarefuka au kufupika. Zitatoka Dar kwa basi.

Nashukuru hakunicheka. Mafundi wengi wakimwona mwanamke na gari refu hucheka kwanza.

Jumatatu, 18 Novemba

Makambako. Upepo wa kule ni wa kumng'oa mtu kope. Nimesimama stendi tangu asubuhi, basi limefika, mzigo haujashushwa. Kondakta kasahau. Amu zangu zimepitiliza hadi Mbeya!

Nimefoka. Nimefoka mpaka wauza karanga wakanihama. Nimerudi Njombe nikakuta mvua imenyesha, ya kwanza ya kweli. Vizuri kwa miche. Lakini njia ya Manda ikilowa ni habari nyingine. Nimeogopa.

Jumatano, 20 Novemba

Mzigo umepatikana jana. Kondakta yuleyule kaurudisha mwenyewe, kaubeba begani hadi gereji. Nimeona aibu kwa yale niliyomwita. Nimempa asante na soda.

Leo fundi Sanga kafunga. Bolti za zamani zimegandana na kutu, moja kaipasha moto, nyingine kaipiga nyundo akiisemesha Kikinga, na sidhani yalikuwa maneno ya kanisani. Amu mpya kazipima kwa tepu, kulia na kushoto, tundu hadi tundu. Anazungusha kidogo, anapima, anazungusha tena. Gari liko juu ya stendi za chuma, magurudumu yananing'inia. Nilikaa kwenye tairi kuukuu namtazama, sikuchoka.

Tukalijaribu barabara ya kuelekea Njombe. Limenyooka. Nililegeza mikono nikaona usukani umetulia, kama meza. Machozi yakanitoka nikasingizia upepo.

Asante Mungu. Asante Sanga.

Jumamosi, 23 Novemba

Sikuweza kungoja. Nimepakia magunia mawili ya viazi, lumbesa, yamejaa hadi yameota vichwa. Mkono mtupu haulambwi, na Manda viazi ni adimu. Mama angegawia jirani zake wote. Nikashika njia ya Ludewa.

Sikufika mbali. Pua ya gari imeinuka, mgongo umelala, usukani umekuwa mwepesi mno. Kwenye kona Twiga akaanza uleule ulevi wake. Chini ya sakafu kitu kinanguruma. Vipira vya kwenye ncha za amu vinalia kila nikipita shimo. Nikageuza.

Baba Neema kasema tumwache Mama apumzike, tutampelekea picha. Kasema kwa wema. Sijamwongelesha hadi sasa.

Picha!

Mama alimbeba Neema mgongoni akipukuchua mahindi yangu. Halafu nimpelekee picha. Nimejilaumu, nimemlaumu Sanga, nimewalaumu hata viazi.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimekwenda Makambako moja kwa moja, magunia yakiwa bado ndani. Nilijiandaa kugombana. Njiani nilipanga maneno.

Fundi Sanga kafungua mlango wa nyuma, kayaona magunia. Kisha akacheka, akaketi chini kabisa. "Dada, uliniletea gari tupu. Mimi sikuuliza, wewe hukusema. Na huku kwetu nani anakwenda kwa mama yake na gari tupu?"

Ni kweli. Twiga tulimpimia hali ambayo hajawahi kuwa nayo akienda Manda. Tena bolti alizikaza magurudumu yakiwa hewani. Gari liliposhuka na kubeba mzigo, vipira vikajinyonga. Akasema leo tutalipima likiwa limebeba kila linachobebaga. Magunia yapo. Akauliza, na mama yako ana umbo gani?

Basi akaitwa Mama Tumaini, anayeuza makande jirani na gereji. Mama wa makamo, mzito wa heshima, kama Mama. Akaja na aproni yake. Kupanda hawezi, gari refu. Akarudi kuchukua kigoda anachokalia jikoni, akakanyaga, akapanda, akaketi kiti cha mbele. Mawe yamewekwa kwenye matairi. Sanga akatambaa chini, hahitaji hata jeki, hiyo ndiyo faida ya kuwa na Twiga. Akalegeza kila kitu. Akarefusha hapa, akafupisha pale, akakaza bolti gari likiwa limesimama kwa miguu yake yenyewe.

Mama Tumaini hakukaa tu. "Huyo mama yako huwa anashika wapi?" Nikamwonyesha mshikio wa juu ya mlango. Akaushika kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Wateja wake wakawa wanajipakulia makande wenyewe.

Tulipokwenda kulijaribu hakushuka. Kona zote tulizipita naye. Kimya chini ya sakafu. Pua bado iko juu kidogo, lakini gari linashika njia yake. Aliporudi akaniachia kigoda. Nikakataa. Akasema, "Mtu wa umri wetu hapandi hili kwa imani tu. Chukua."

Nimemwongelesha Baba Neema. Kafurahi kuliko nilivyostahili.

Alhamisi, 28 Novemba

Manda. Nimefika salama. Mvua Ludewa, tope, mawe, yote. Sikupigana na usukani hata mara moja. Mama kanipokea, viazi kavipokea, gari hajalitazama. Tumekula samaki, mbasa. Sijauliza kitu.

Ijumaa, 29 Novemba

Mama katoka na fimbo yake, kamzunguka Twiga. Akagusa matope. Kisha akaniamuru niendeshe peke yangu kwenye mchanga, kuelekea kule mitumbwi inakolala, na nirudi kwa miguu.

Niliporudi nikamkuta ameinama juu ya alama za matairi. Kafuata mstari mmoja, kafuata wa pili, polepole, fimbo ikitafuta palipopinda. Mimi nimesimama kama mwanafunzi anayengoja majibu. Alifika mwisho, akanyoosha mgongo.

"Kesho mapema," akasema, "kabla jua halijawa kali."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia vizuri.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumefika. Naandika nikiwa ndani ya gari, uani kwetu.

Asubuhi Mama alikanyaga kigoda cha Mama Tumaini, akapanda. Viazi viliposhushwa nikaogopa gari litabadilika, lakini jirani wamejaza nyuma dagaa na mchele hadi uzito ukarudi uleule. Alishika mshikio. Akaanza kuomba tulipoanza kupanda milima, kwa sauti, kama Pasaka. Nami nikawa naendesha na kuitikia amina.

Ile kona ya Pasaka ilipokaribia, nikangoja sauti yake ipande. Haikupanda. Haikuwepo kabisa. Sikuthubutu kugeuka hadi tulipomaliza kona. Mkono ulikuwa umeachia mshikio, umelala juu ya paja. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Mama alikuwa amelala.

Bado amelala, anakoroma taratibu. Nimezima injini muda sasa. Mvua ndogo inapiga bati. Baba Neema alichungulia dirishani, nikamwonyesha kidole mdomoni, akaondoka kwa kunyata.

Neema amekitoa kigoda, amekiweka chini ya mlango wa bibi yake. Amesimama pembeni na mwavuli, anangoja.