Kwa Dada Zuhura, Aliyenunua Vigae Vyetu na Kuvivunja

Rungwe Mpya, Kasulu

Dada Zuhura,

Ungekuwa hai ningeanza kwa kukuuliza hali yako na ya mama yako huko Tabora, kisha ningekwambia kwamba sisi huku ni wazima. Sasa sijui nianze wapi. Nimekaa na karatasi hii tangu tulipotoka kanisani. Nimeandika jina lako, nikakaa tena.

Maandishi haya ni yangu mwenyewe. Darasa la watu wazima ulilonisukuma niingie nimelimaliza. Mwalimu amenisahihishia maneno machache, mengine nimemkataza asiguse.

Habari ya kifo chako ililetwa na Hamisi, dereva wako. Alisimamisha gari karibu na tanuri, asishuke. Nikamtania kutoka mbali, nikamwuliza leo mkubwa wake amemwachaje aje peke yake. Akalaza kichwa juu ya usukani. Hapo nikajua. Ulipokwenda likizo ulikuwa unakohoa, nasi tulikwambia kifua hicho si cha vumbi, ukacheka. Nilikwenda siku ileile kuomba kibali cha kusafiri, maana sisi tuliotoka Burundi hatutoki wilayani bila karatasi. Karatasi ilipotoka, ulikuwa umeshazikwa siku nyingi. Kwa hiyo sikukulilia kaburini. Nakulilia hapa, mezani, na wino unanichafukia.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi naikumbuka mpaka rangi ya kilemba chako. Kijiji kilikuwa bado kipya, watu wamehamishiwa huku na vyungu vyao kichwani, nyumba zote za nyasi. Yangu tu ndiyo ilikuwa na vigae. Baba yangu alikuwa mfyatuaji wa vigae kwenye misheni kule Burundi, na mimi nilikua nikilikanyaga lile tope kwa miguu. Nilipofiwa na mume na kukimbia na watoto, sikubeba kitu cha maana isipokuwa ujuzi huo. Nilifyatua vigae vya kunitosha mimi na wanangu, basi. Sikuwa na wazo la kumwuzia mtu.

Wewe ukapita na gari, ukasimama, ukaja moja kwa moja na viatu vyako vya mjini mpaka kwenye matope. Hukuuliza jina langu. Ukauliza, "Nani kaezeka nyumba hii?" Nikadhani nimefanya kosa. Nikasema ni mimi, lakini kama hairuhusiwi nitaishusha. Ukaangua kicheko, ukakaa chini pale pale, ukaomba maji ya kunywa. Kisha ukanieleza kwamba wewe ni afisa wa viwanda vidogo, kwamba serikali inajenga maghala na zahanati na shule katika kila kijiji kipya, na kwamba majengo yamesimama kuta tupu kwa sababu mabati yanasubiriwa. Yanatoka mbali, yanapanda meli, yanapanda treni mpaka Kigoma, na lori likipatikana mvua zimeshakata barabara. "Na udongo upo hapa chini ya miguu yangu," ulisema. "Na wewe upo."

Nilikuona mwanamke wa ajabu. Nilijiambia, huyu atasahau akifika Kasulu.

Hukusahau. Ulinipeleka kwenye kikao cha wilaya, nikakaa karibu na mlango na kigae mapajani kama mtoto mchanga. Ndipo nilipomsikia Bwana Lameki, mhandisi wa ujenzi, akikupinga. Sikuyaelewa yote siku ile, lakini mengi nimeyashika. Alisema kazi ya serikali ni barabara, shule na dawa. Alisema serikali ikianza kuchagua nani afyatue na nani asifyatue, itamchagua yule anayejua kubembeleza, na mwananchi ndiye atakayelala chini ya paa bovu. Watu waliitikia kwa vichwa. Hata mimi niliitikia, Mungu anisamehe, maana alisema ukweli.

Wewe hukumkasirikia. Ulisimama ukasema, "Ndugu Lameki hajakosea. Ndiyo maana nataka tuwanunulie kwa misimu mitatu ya mvua tu, tuvipime vigae, na msimu wa nne wajitegemee. Lakini hayo mabati tunayoyasubiri yanatoka kwenye kiwanda ambacho nacho kilikuwa kidogo siku moja, na kuna serikali ya watu iliyokishika mkono. Kwa nini ya kwetu ione haya?"

Wakakukubalia jengo moja. Ghala la kijiji.

Dada, sijawahi kulizungumza hili ghala nawe mpaka mwisho. Tulikuwa wanawake kumi na moja na wanaume wanne, na wengi walikuwa hawajashika udongo wa kazi ile maisha yao yote. Ulitaka paa likamilike kabla ya mavuno ya maharage. Ulikuja kila juma ukitukimbiza. Nilikwambia vigae havijakauka kivulini, ukasema viingie tanurini hivyo hivyo. Nilijua ni kosa nikanyamaza, kwa sababu wewe ni serikali na mimi ni mkimbizi. Mvua ya kwanza kubwa ikaingia. Maharage ya kijiji kizima yakachipua ndani ya magunia.

Nilijificha shambani. Nilingoja unitaje mimi. Watu wakaitwa mkutanoni, Bwana Lameki akiwepo, na hakuonyesha furaha usoni, hilo nalo nimsemee kwa haki. Ukasimama mbele ya wale wenye maharage, ukasema, "Fundi alinionya, mimi nikamharakisha. Kosa ni langu." Kisha ukasema kwa Kiha chako kibovu, "Mumbabarire." Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu wa ofisini akiomba msamaha, tena kwa lugha ya kijiji.

Kuanzia siku hiyo nikaacha kukuogopa. Na wewe ukaanza kunitesa.

Maana tulipofyatua upya, taratibu sasa, ulikuja na kukaa kwenye kigoda chako siku nzima. Kigae kimoja kimoja ulikigonga kwa kifundo cha kidole, ukisikiliza. Kinacholia vizuri unakiweka kando, kisicholia unakidondosha juu ya jiwe. Tulikuwa tumekanyaga udongo ule wiki nyingi. Mama Sesilia, yule mwenzetu wa Muyama, alilia waziwazi. Mimi nilikuchukia, nakwambia kweli. Nikakuuliza kama serikali imekutuma kununua au kuvunja. Hukuinua hata uso. "Ukiiuzia serikali kigae kibovu, serikali hailowi," ulisema. "Atalowa mama aliyejifungua jana." Ukakidondosha kingine.

Paa la zahanati halikuvuja. Wala la shule. Halafu likaja agizo la Kasanda, huko upande wa Kibondo, na tukapakia lori mpaka Hamisi akalalamika kwamba springi zinalia.

Lakini siku niliyokuheshimu kuliko zote ni ile uliyofunga karakana ya useremala. Najua ilikuuma. Uliianzisha mwenyewe, kabla yetu, kwa mbao na misumeno ya serikali, na aliyeiongoza alikuwa mtu wenu wa Tabora, mliyetoka mtaa mmoja, mwenye kujuana na wakubwa. Madawati hayakuwa yanatoka. Uliwapa msimu, ukawapa mwingine, kisha ukaenda na kufuli. Tulisikia ulivyotukanwa. Wakakwambia unaua maendeleo, wakakwambia mwanamke hajui siasa. Ukarudi huku jioni na zile zana, ukatuachia zile za kutengenezea kalibu zetu za mbao za kufyatulia. Ulikuwa umechoka sana siku hiyo, uliegemea ukuta wa kibanda cha kukaushia.

Nikakuuliza, "Na sisi siku moja utatufunga?"

Ukasema, "Ego." Yaani ndiyo, kwa Kirundi, ili nisikie vizuri. "Mkistahili nitawafunga."

Wenzangu waliona umetutisha. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi. Tangu nivuke mpaka nilikuwa mtu wa kupewa: blanketi, unga, huruma. Mtu akikupa kwa huruma hakutegemei lolote. Wewe ulitutegemea. Ulituambia kwamba tunaweza kushindwa, maana yake tunaweza pia kufaulu. Sijui kama nalisema inavyotakiwa.

Msimu wa tatu ulipokwisha ulikuja mwenyewe kutuambia kwamba ununuzi wa serikali umekwisha. Ungeweza kutuma barua. Wapo waliokuomba uongeze msimu mmoja tu, nami nilikuwa miongoni mwao, na ulikataa ukiwa na machozi machoni. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Watu wanne waliondoka wakarudi kwenye mihogo. Tuliobaki tulitembea na vigae vya mfano kwa wakulima wa kahawa kule milimani, kwa mapadre, kwa wazee wa msikiti wa Kasulu, ambao walinunua na kutukaribisha chai. Kisha vita vya Kagera vikaanza, malori yote yakaenda vitani, na bati likawa kitu cha kusimuliwa. Tukauza mpaka udongo wa bonde la kwanza ukaisha.

Hapa nataka kusema kweli, maana hukupenda kusifiwa kwa uongo. Bwana Lameki alikuja kutupa pole ulipofariki. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi letu. Akasema, "Nilimpinga, na bado nadhani alibahatika. Bila vita sijui kama mngesimama." Wenzangu walichukia maneno hayo msibani. Mimi nimelala nayo nikiyawaza. Huenda ni kweli. Vita vimekwisha, mabati yameanza kuonekana tena, na wateja wengine wamekimbilia huko kwa kuwa bati linaezekwa kwa siku moja na boriti zake ni nyembamba. Lakini nilimjibu hivi: vita vilipokuja vilitukuta tunajua kazi. Mvua humfaa aliyekwisha kulima, na sisi nani alitulimisha? Akasema, "Hilo siwezi kulikataa." Akanunua, Dada. Si kwa ajili ya ofisi. Ni kwa nyumba ya mama mkwe wake.

Sasa nikwambie yaliyobadilika.

Tumehamia bonde la pili. Tanuri ni jipya, linakula kuni kidogo kuliko lile la zamani, na tumepanda miti ya kuni kama ulivyotaka, ingawa mbuzi wamekula nusu. Mama Sesilia ndiye mwenyekiti. Na ofisini kwako yupo afisa mwingine, kijana mpole sana, anasalimia kila mtu. Alikuja mwezi uliopita akasema serikali itanunua kila kigae tutakachofyatua, bila muda maalumu. Wenzangu walipiga vigelegele. Nilisubiri akae kwenye kigoda apime hata kimoja. Hakupima. Aliandika, akapeana mikono, akaaga.

Nilisimama kwenye mkutano wetu nikasema tusikubali hivyo hivyo. Yoo, walivyonigeuka! Walisema nimelewa sifa, walisema mjane mzima anakataa riziki ya watoto wa wenzake. Yule kijana akaniuliza kwa upole, "Mama, unaikataa serikali?" Nikamjibu siikatai, naitaka. Naitaka itudai. Nikamwomba atuwekee mwisho, na atume mtu wa kukagua asiye rafiki yetu. Tulibishana mikutano miwili. Mwishowe wamekubali misimu miwili, na mkaguzi atakuwa Bwana Lameki. Cheka, najua ungecheka. Mama Sesilia hajanisemesha tangu Jumanne, lakini jana alinitumia viazi.

Kwa hiyo sina jibu la lile swali mlilobishana wewe na mhandisi, la kama serikali iingize mkono wake kwenye kazi za watu au iuweke mfukoni. Ninachojua ni kwamba mkono ulioingia kwetu ulikuwa wako. Ungekuwa wa mtu mwingine, labda ningeandika barua tofauti.

Kibali changu cha kwenda Tabora bado kipo, kimebakiza siku chache. Nitakwenda kumwona mama yako. Sitampelekea maneno mengi. Nitampelekea asali ya Kibondo, nitampikia, nitamfulia, nitakaa naye siku ambazo karatasi inaniruhusu.

Nikirudi kuna kikao cha mkoa kuhusu karakana mpya za vijijini, na nimeitwa. Si kukaa mlangoni, nimeitwa kusema. Nimeogopa sana, usimwambie mtu. Nakuahidi hivi, Dada: nitasimama, nitawaambia wasaidie watu wanaofanya kazi, wawadai, na wawe na ujasiri wa kuondoka. Kiswahili changu cha mpakani kitawachekesha baadhi yao. Nitawangoja wamalize kucheka, kisha nitaendelea kusema.

Kaa kwa amani ulipo. Nimekupenda sana.

Ni mimi,
Veneransia